Simama, Afande

Ujumbe wa Gervas ulinikuta jikoni nikichambua maharage. Ulikuwa mfupi kama kawaida yake: "Afande ametua. Mazishi Jumamosi, Tabora. Njoo." Binti yangu aliusoma begani kwangu akaniuliza ametua wapi, na kwa ndege gani. Ilinibidi nikae kwanza ndipo nimjibu. Kwetu sisi wachache tulioruka na Afande Masanja, neno hilo lilikuwa na kazi maalumu. Baada ya kila mruko, wa kwanza kugusa ardhi alitazama juu, akahesabu miavuli ya wenzake mmoja mmoja, na wa mwisho alipofika alipiga kelele kuelekea ghalani ili mpishi aanze kupakua: "Wote wametua!" Kabla ya kelele hiyo hakuna aliyegusa sahani. Gervas hakuwa anaficha msiba kwa maneno matamu. Alikuwa anatoa taarifa kwa namna tuliyofundishwa kuitoa.

Nilifika Tabora Ijumaa mchana, nikaenda moja kwa moja Ng'ambo, nyumbani kwa marehemu. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka sebuleni, na ukutani, juu ya kabati la vyombo, palining'inia picha ambayo sikujua kama bado ipo: Afande amevaa mikanda yake, sisi wanafunzi wanne tumejipanga kulia na kushoto kwake, na mimi pembeni nimeshika upawa wa kutekea mchuzi. Mjukuu wake mmoja, msichana wa chuo, aliniangalia, akaiangalia picha, akanisogelea. "Shikamoo mama. Huyu mwenye upawa si wewe? Sisi siku zote tulidhani ni mpishi." Wanawake wakacheka kidogo, kicheko cha msibani kinachofunikwa kwa mkono. Nikamwambia marahaba mwanangu, ni mimi, na upawa ule haukuwa wa kupakulia. Akaniomba nimweleze. Nilianza kumweleza pale pale, na huu ni mwendelezo wa maelezo yale, kwa sababu yeye alikatizwa na wageni, na mimi tangu siku hiyo sijaweza kunyamaza.

Ya nyumbani kwetu nitayaacha. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili na cherehani kwenye baraza moja karibu na soko, nikishona sare za shule na mifuko ya turubai. Asubuhi moja alisimama mbele yangu mwanaume mrefu, kichwa kimenyolewa, mgongo umenyooka kama mlango. Nilimwamkia. Akaitikia, akauchukua mfuko niliokuwa nimeumaliza, akauvuta mshono kwa vidole gumba viwili kwa nguvu zake zote. Haukuachia. "Nina mifuko kumi na miwili imechanika," alisema. "Ni ya kubebea miavuli. Utakuja kushonea kwangu, maana haitoki ghalani." Alikuwa mwanajeshi mstaafu wa kikosi cha miavuli, na kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, njia ya kwenda Urambo, alikuwa ameanzisha shule ndogo ya kuruka. Watu mjini walimwona kama mtu aliyerudi na kichaa cha jeshini. Mimi niliona kazi ya mifuko kumi na miwili.

Ghala lile lilikuwa la tumbaku kabla halijawa la miavuli. Kuta zilikuwa zimeinywa harufu ile miaka mingi kiasi kwamba hata chai ilikuwa na ladha ya jani. Sakafuni palitandikwa turubai refu la kijani, na juu yake miavuli ilifunguliwa na kukunjwa tena, kitambaa chepesi kikitoa sauti ya mvua ya mbali. Nilishona kwa wiki mbili pembeni nikitazama. Siku ya mwisho nikaona mwavuli wenye tundu dogo kama punje ya mtama, nikaushika, nikasema naweza kuliziba. Afande aliuchukua mikononi mwangu taratibu. "Mfuko ni wako," alisema. "Mwavuli na mikanda haiguswi na sindano ya mtu asiye na cheti cha kazi hiyo, hata awe fundi kuliko wote Tabora. Anayejua asichokijua nimeshamfundisha nusu. Unataka nusu nyingine?" Nilisema ndiyo kabla sijafikiri. Hakunitoza ada, nilimlipa kwa kushona.

Tulikuwa wanne. Wawili walikuwa walimu wa shule ya msingi, mtu na mdogo wake, wapole na wenye bidii. Wa tatu alikuwa Gervas, kijana wa Ulyankulu, mtoto wa wakulima wa tumbaku waliotoka Burundi, aliyekuja kila Jumatatu kwa baiskeli akiwa na rozari shingoni na mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo hutafunwa kama pipi. Mara ya kwanza Gervas alipofundishwa kukunja mwavuli alifanya kosa ambalo nadhani mtu wa ukanda wetu tu ndiye angelifanya. Alipiga magoti juu ya kitambaa, akashindilia kwa ngumi na goti, akapindisha kona na kuzikaza mpaka fundo likawa gumu kama jiwe. Afande alilizunguka mara mbili. "Gervas, hili ni nini?" "Mwavuli, Afande." "Hapana. Hili ni robota la tumbaku. Ukilipeleka kituo cha kununulia utapata daraja la kwanza. Ukiruka nalo utatua kama robota." Kisha akapiga magoti naye, akatuonyesha: kitambaa hakilazimishwi, kinatolewa hewa tu, kamba zinyooke toka mwanzo hadi mwisho bila kupishana, kila pindo lijue linakokwenda, kwa sababu huko juu kila kitu kitafunguka kwa mpangilio uleule ulioukunja. Namna ulivyokuwa mtulivu ghalani, alisema, ndivyo mwavuli utakavyokuwa mtulivu angani.

Leseni tuliyoitafuta ilihitaji miruko ishirini na mitano na mtihani mbele ya mtahini ambaye angekuja kutoka Nairobi mwisho wa mwaka. Lakini miezi miwili ya kwanza hatukuiona hata ndege kwa karibu. Tuliruka kutoka juu ya makasha ya tumbaku. Miguu pamoja, magoti pamoja, magoti yamekunjwa kidogo, kidevu kifuani. Unagusa kwa nyayo, halafu unajiachia ubavuni, paja, kiuno, bega, ili kishindo kigawanywe mwilini na kisibaki mguuni peke yake. Mama Zainabu, mpishi wetu, mwanamke wa mjini mwenye ulimi mkali na kanga mpya kila siku, alikuwa akitoka jikoni na sufuria mkononi kututazama. "Nyie walimu! Magoti pamoja! Kaeni kama bibi harusi, si kama mnakamua ng'ombe!" Tukicheka tulianguka vibaya, na Afande alitufanya turudie, naye Mama Zainabu akahesabu.

Mengine tuliyafundishwa kwa tatu, kwa sababu mtu mwenye hofu, alisema Afande, anakumbuka tatu na kusahau nne. Pete tatu kila bega, ndizo zinazoshikilia mwavuli mkuu na kuuachia ukiukata. Mikanda mitatu: wa kifua, wa paja la kulia, wa paja la kushoto. Vishikio vitatu: cha kufungua mwavuli mkuu, cha kuukata, cha kufungua mwavuli wa akiba. Na mwenzako akukague mgongoni, pini iko sawa, kwa sababu hakuna aliyezaliwa na macho kisogoni. Unakaguliwa mara tatu: kabla ya kuvaa, kabla ya kupanda ndege, kabla ya mlango kufunguliwa. Mwavuli ukishafunguka, maswali matatu: upo? umekaa mraba? unaongozeka? Jibu likiwa hapana hata moja, una muda wa kujaribu kuurekebisha mpaka saa ya mkononi, ile inayosoma futi badala ya dakika, ifike elfu mbili na mia tano. Hapo mjadala umekwisha. Unatazama kishikio cha kukata, unakishika, unakivuta, unavuta cha akiba. "Usiombe, usisubiri, usitengeneze," alikuwa akisema. "Kimo ni kama maji kwenye mtungi uliotoboka. Hata ukikaa kimya yanaisha."

Kukaa kimya ndiko kulikokuwa shida yangu. Nilikuwa mtoto wa adabu, na adabu niliyolelewa nayo ilikuwa ya macho chini na sauti ndogo. Mtu mzima akikosea njia, unamfuata mpaka agundue mwenyewe. Katika mazoezi tulitakiwa kuhesabu kwa sauti tangu tunapoachia ndege: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, mpaka mwavuli ufunguke. Wenzangu walipiga kelele. Mimi midomo ilitikisika tu. Miruko mitano ya kwanza, ile ambayo kamba iliyofungwa ndegeni ndiyo hukufungulia mwavuli, rubani aliniambia kila mara, "Dada, leo pia sikukusikia. Ulienda kweli?" Rubani huyu tulimwita Kapteni, mtu wa utani, aliyeendesha kindege chake kama bajaji.

Kati ya ghala na jiko palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba. Mchana mmoja, mwezi wa tano wa mafunzo, nilikuwa peke yangu nikikunja mwavuli, na upande wa pili Afande na Kapteni walikuwa wakila ugali na mlenda. Nilisikia jina langu. Nikaacha mikono ikae juu ya kitambaa.

"Yule fundi ndiye bora wao," Kapteni alisema. "Anakunja kama mashine. Anatua pale pale unapomwambia."

"Mikono anayo," Afande alisema. Kijiko kikagonga bakuli. "Mdomo hana."

"Leseni si hotuba, Masanja."

"Leseni maana yake siku ya pili anaweza kumkagua mwenzake. Anayeona na asiseme, huyo hakagui, anaaga. Mtahini akija, mimi ndiye naandika nani yuko tayari. Kwa sasa simwandiki."

"Sasa mnataka apige kelele kama mimi?" Mama Zainabu aliingilia. "Mtoto wa watu ana heshima zake."

"Heshima zake nazipenda," Afande akasema. "Zitaua mtu."

Nilimaliza kukunja. Najua kwamba niliukunja vizuri, kwa sababu niliukagua mara nne nikiogopa machozi yasidondokee kitambaa. Nilitaka leseni ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Si kwa ajili ya karatasi. Nilitaka kuwa mtu ambaye, akisema "tayari", mwingine anaruka.

Wiki iliyofuata ndipo alipotufanyia kile ambacho Gervas na mimi tunakisimulia kila tukionana. Tulikuwa tumevaa, tumejipanga kando ya ndege, injini inaunguruma. Afande alipita mbele yetu na mikanda yake, akatukagua, akageuka, akasimama ili nasi tumkague. Mkanda wa paja lake la kushoto ulikuwa unaning'inia wazi. Niliuona. Nilipoinua macho nikaona Gervas ameuona, na walimu wawili wameuona, maana wote wanne ghafla tulikuwa tunaangalia moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku kule mbali, ule ambao ulitusaidia kujua upepo unakoelekea. Hakuna aliyesema. Afande alisubiri, akapanda ndege, akaketi mlangoni, akasubiri tena. Kisha akamwashiria Kapteni azime injini.

"Nani ameuona mkanda wangu?"

Mikono minne ilipanda taratibu.

"Mbona kimya?"

Mwalimu mkubwa alijibu kwa niaba yetu. "Tulidhani Afande unajua unachofanya." Mdogo wake akaongeza kwamba lilikuwa paja, na mbele ya dada. Gervas alisema alikuwa anasali Afande agundue mwenyewe. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Afande alishuka, akajifunga mkanda mbele yetu polepole. Hakupandisha sauti. "Mwavuli ukifunguka mkanda huu ukiwa wazi, naweza kuchomoka. Mngerudi nyumbani kwa mke wangu mkamwambia nini? Kwamba mlinistahi?" Akatutazama mmoja mmoja. "Leo mmeniua kwa adabu. Mtu akishavaa mikanda hana umri, hana cheo, hana jinsia. Shikamoo tumalizie getini."

Kisha akaniteua mimi, mimi wa macho chini, kuwa mkaguzi wa wote mpaka mtahini aje. Kila mtu, hata yeye, hata wageni, asingepanda ndege kabla sijagusa pete, mikanda na vishikio vyake na kusema "tayari" au "simama", kwa sauti ambayo Mama Zainabu angeisikia jikoni. Siku ya kwanza nilifika kwenye mikanda ya mapaja ya Afande nikaganda. Fundi cherehani anapima suruali ya mwanaume kila siku, lakini sisi tulikuwa na ujanja wetu: mteja mwenyewe anashika ncha ya futi huko juu, wewe unasoma chini. Hapa hapakuwa na wa kunishikia ncha. Nilisimama nimenyoosha mkono hewani mpaka Mama Zainabu akatoka jikoni, akanitazama, akatazama kinachonishinda, akarudi ndani. Alitoka na upawa wa mbao. "Shika. Gonga kwa huu. Upawa hauna aibu, umeingia kila sufuria ya mji huu."

Ndivyo nilivyokagua miezi mitatu. Ko, kifua. Ko, kulia. Ko, kushoto. Mbao kwenye chuma ina sauti yake. Chuma kilichofungwa vizuri hujibu kwa kukaza, kilicholegea hutikisika. Nilijifunza kuisikia. Mwanzoni "simama" yangu ilikuwa kama ombi, na Mama Zainabu alijibu kutoka jikoni, "Sijasikia!" Nikarudia. Nilimsimamisha Gervas kwa sababu rozari yake ilikuwa imepita juu ya kishikio. Nilimsimamisha mwalimu mkubwa kwa pini iliyopinda, akanishukuru huku jasho likimtoka. Nilijisimamisha mwenyewe siku moja upepo ulipobadilika tukiwa mlangoni mwa ndege, nikamwambia Kapteni turudi, na tulirudi, na hakuna aliyeninunia. Sauti, nilikuja kugundua, ni kama mshono: unaanza kwa mkono unaotetemeka na siku moja unatazama nyuma unaona mstari umenyooka.

Katika mruko wa kumi na tisa kamba zangu zilijisokota. Mwavuli ulikuwepo, umekaa mraba, lakini kamba zilikuwa zimejizungusha juu ya kichwa changu kama nywele za kusuka, na mimi nazunguka chini yake. Nilizitenganisha kwa mikono, nikapiga mateke kama mtu wa baiskeli, nikasoma saa kwa sauti: elfu nne, elfu tatu na mia tano, elfu tatu. Zilifunguka kabla sijafika kwenye mstari wa uamuzi. Chini yangu niliiona safu ya miembe mikongwe iliyopandwa na misafara ya zamani, ile tuliyoitumia kama alama: ikiwa bega la kushoto, kiwanja kiko mbele. Nilitua, na Gervas akaniambia sauti yangu ilimfikia chini mapema kuliko miguu yangu. Sijawahi kusifiwa vizuri zaidi.

Mtahini alifika Jumanne. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari. Asubuhi alinihoji vimo, upepo, kutua karibu na nyaya za umeme, na nini cha kufanya miavuli miwili ikifunguka pamoja. Nilijibu. Aliniangalia nikikunja mwavuli akaandika. Kilichobaki ni mruko wa ishirini na tano, yeye na Afande wakiruka pamoja nami. Upawa niliuacha jikoni. Niliona aibu mgeni wa Nairobi aone tunakaguana kwa chombo cha mchuzi.

Nilimkagua Afande kwa mkono, haraka, macho yakiwa pembeni, nikasema tayari. Lakini upepo ulikuwa umepanda, tukasubiri. Tukakaa karibu saa nzima kivulini mwa ghala tumevaa mikanda, na Mama Zainabu akatuletea chai. Mara soksi ya upepo, ile ya kitambaa juu ya mlingoti, ikalala. Kapteni akawasha injini, akapunga mkono, twendeni, twendeni kabla haujarudi. Mtahini akainuka. Wakati huohuo nikamwona Afande akitoka nyuma ya ghala, upande wa choo, anatembea upesi huku akijipangusa mikono, akaja akapita mbele yangu na kuweka mguu kwenye ngazi ya ndege.

Nataka mjukuu wake aelewe nilichokuwa nacho kichwani katika hatua zile tatu nne. Mtu hawezi kwenda haja na mikanda ya mapaja ikiwa imefungwa. Kwa hiyo aliifungua. Kwa hiyo "tayari" yangu ya saa moja iliyopita ilikuwa imekufa. Ovaroli yake ilikuwa pana, imefunika paja, sikuona chochote. Labda alikuwa amejifunga vizuri. Alikuwa ameruka miaka mingi kuliko umri wangu. Labda ananijaribu tena. Na kama ni kweli ameusahau, nitakuwa nimemwambia mwalimu wangu, mbele ya mtu aliyekuja kupima shule yake, kwamba ametoka chooni hajajifunga. Mtahini angeandika nini? Shule ingebaki? Nani angeniandikia leseni baada ya hapo? Yote hayo yalinipitia, na kimo kilikuwa kinaisha ingawa tulikuwa bado ardhini.

"Simama, Afande!"

Injini ilikuwa inaunguruma, na bado Mama Zainabu alitoka jikoni. Afande aliganda, mguu mmoja juu ya ngazi. Mtahini akageuka. "Umefungua mikanda," nilisema. "Nakagua upya." Sikuwa na upawa. Nilipiga goti kwenye majani, nikainua ovaroli, nikaweka mkono wangu juu ya paja la mtu mzima kuliko baba yangu. Mkanda wa kushoto ulikuwa umepitishwa nusu tu kwenye chuma chake. Nilipouvuta kwa vidole viwili ulitoka wote, ukabaki mkononi mwangu.

Nilimtazama usoni. Safari hii halikuwa jaribio. Nililijua hilo kwa jinsi midomo yake ilivyokuwa imekauka. Nilimwona akiuangalia mkanda, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho nilimwona Afande Masanja akiwa mtu wa kawaida tu, mwenye watu wanaomsubiri nyumbani. Kisha akashusha mguu, akasimama wima kama mwanafunzi.

"Kagua na wa kulia," akasema.

Nikakagua na wa kulia. Nikakagua kifua, pete, vishikio, nikaenda mgongoni nikaangalia pini, sikuruka hata kimoja, na wote walisubiri. Nilisema tayari. Ndipo tukapanda. Mruko wenyewe ulikwenda kama mruko mzuri unavyokwenda, hauna mengi ya kusimulia. Mtahini hakuandika chochote kibaya juu ya shule ile. Aliandika, Kapteni alisoma juu ya bega lake, kwamba ukaguzi hapa unafanya kazi. Jioni Afande alilifungua daftari langu la miruko kwenye mstari wa ishirini na tano, mahali pa maoni ya mwalimu, akaandika kwa herufi zake kubwa za jeshini maneno mawili: *Ana mdomo.* Kesho yake mpiga picha akaja, na Mama Zainabu akakataa picha isipigwe mpaka nishike upawa.

Niliruka miaka kumi na minne baada ya hapo, na nimefundisha wengi zaidi ya nilioweza kushika majina yao. Wengine wao hawakuruka hata mara moja, na hilo pia nalihesabu kuwa mafanikio, kwa sababu walisema wazi kwamba hawataki.

Jumamosi tulimsindikiza makaburini. Kwaya iliimba, mchungaji akasoma, wanaume wanne wakasogea kushika kamba mbili zilizopitishwa chini ya jeneza. Nilikuwa nyuma na wanawake, mahali panapostahili, nimejifunika kanga. Sikuwa nimekusudia kuangalia kamba. Macho yangu yaliziangalia yenyewe. Ya miguuni ilikuwa sawa. Ya kichwani haikupita chini. Ilikuwa imeingia kwenye kishikio cha urembo cha ubavuni, kile kilichobandikwa kwa misumari midogo, na wanaume walikuwa wameshaanza kuinua.

"Simameni!"

Mchungaji alinyamaza katikati ya neno. Wanaume wanne wakaganda na uzito mikononi, na vichwa vyote vikageuka kumtafuta mwanamke aliyepiga kelele kaburini. Nilipita katikati yao mpaka ukingoni. "Kamba ya kichwani imeshika kishikio. Shusheni, ipitisheni chini." Walishusha kwenye mbao zilizolazwa juu ya kaburi. Mmoja akainama, akakiona kishikio kimeshaanza kung'oka, akanitazama, akaichomoa kamba na kuipitisha upya. "Kagueni na ya miguuni," nikasema. Wakakagua na ya miguuni. Nikaivuta kila kamba kwa mkono wangu, nikawaambia tayari, na Afande akashuka taratibu, amenyooka, bila kuegemea upande wowote.

Nyuma yangu nilimsikia mzee mmoja akinong'ona, "Huyu mama ni nani kwa marehemu?"

Gervas, mvi kichwa kizima, rozari ileile shingoni, hakunong'ona.

"Ni mwanafunzi wake," alisema.